Mabati ya Kanisa Juu ya Depo ya Mputu

Katika Kamina nzima, toka gare ya treni mpaka njia ya Base ya jeshi, hakuna mwanamke anayejua mambo ya paa kunishinda mimi. Nyumba yangu mwenyewe inavuja juu ya kitanda, na mvua ikinyesha nalala nimekumbatia sufuria. Lakini kujua ni kitu kimoja, kupanda ngazi ni kingine. Basi, watu wa kwetu, msikilizeni huyu anayelowa, awaeleze habari za Agar na mume wake Mputu.

Ilikuwa miaka ya Zaire, wakati serikali ilikataza majina ya ubatizo, na kila mtu alikuwa na jina la karatasi na jina la jikoni. Mimi nitatumia ya jikoni.

Siku hiyo Agar alikuwa ameketi mlangoni mwa depo yao, duka na ghala pamoja, karibu na gare, akichagua maharagwe kwenye lungo. Ndani, Mputu alikuwa akipima chumvi huku akiimba wimbo wa kanisa, maana alikuwa mzee wa kanisa la Metodisti, na sauti yake ya besi ilipendwa hata na wasiompenda yeye. Treni ilipiga filimbi. Agar alitulia moyoni. Karo ya watoto, dawa, nguo, mbegu za shamba, vyote vilitoka chini ya paa lile. Paa lenyewe lilikuwa kama la sisi wote: mabati membamba, misumari ya kawaida, na juu yake mawe na tairi mbovu za kuyalaza upepo ukija.

Ndipo akaingia Amédée, mtu wa asiransi, yaani bima, amevaa koti jipya la abakosi, lililopigwa pasi mpaka linaweza kukata mkate.

Alieleza vizuri, sitamnyima sifa yake. Alisema upepo haukandamizi paa kutoka juu. Unaingia chini ya ukingo kama mwizi, kisha unanyanyua. Depo yenye mabati mazito, yaliyotobolewa na kufungwa kwa bulon, yaani bolti, zenye ndoano za kushika mbao kwa chini, kampuni haiiogopi, kwa hiyo mwenye depo analipa kidogo. Depo ya misumari na mawe kampuni inaiogopa sana, na woga wa kampuni unalipwa na wewe. Halafu akaonya: mkisema mna paa moja na upepo ukakuta lingine, hamtalipwa hata bei ya kipande cha sabuni.

Alipoondoka, Mputu aligeuka akatazama pembe ya depo. Pale yalilala mabati ya kanisa, mazito, mapya, yametoka Lubumbashi kwa treni. Wamama wa kanisa walilima karanga misimu mingi ili kuyanunua, na Mchungaji Isaïe alimpa Mputu ayalinde mpaka kuta za kanisa jipya zikamilike. Agar alikuwa mmoja wa wamama hao. Mgongo wake uliyajua mabati yale moja moja.

Mputu akamwambia kwamba yanalala bure. Agar akajibu kwamba si yao.

“Ni kuazima,” Mputu akasema. “Kwetu tunaazimana viti vya kilio, tunaazimana sufuria za ndoa. Lijanja njo litakuwa na haya?” Lijanja ni bati, na njo ni ndiyo, sisi huku tunasema hivyo.

Agar akacheka. Ndivyo wanavyotupata, kwa kutuchekesha.

Sasa sikilizeni ujinga ulipokaa. Kiti ulichoazima unakirudisha bila alama. Bati likitobolewa, tundu halizibiki, na wamama wa karanga wangeliona. Kwa hiyo Mputu hakutoboa hata bati moja. Aliyapandisha juu ya depo, akayafunga kwa waya pembeni, na juu akabandika kwa lami vichwa vya bulon vilivyokatwa, vikatulia pale kama vifungo vya koti lisilo na matundu. Mawe na tairi alivitupa, maana vingemsaliti. Paa la zamani lilikuwa baya lakini lilishikwa na kitu. Hili jipya lilikaa kwa heshima tu.

Amédée alirudi kukagua. Alifika kwenye ngazi, akatazama vumbi la ngazi, akatazama abakosi yake, akaamua kwamba macho yake yanaona vizuri hata kutoka chini. Bei ya asiransi ikashuka. Mputu aliimba wiki nzima.

Agar alimuuliza lini wataweka bulon za kweli, lini watanunua mabati yao wenyewe. Mputu akasema kisha mavuno. Baada ya mavuno akasema kisha Noeli. Na wale wa kanisa alipokutana nao aliwaambia paa amelinunua mwenyewe, akaongeza, “Vitu vyenu iko mule ndani, muzima kabisa.”

Mama yake Agar, mama Élisa, alifika kutoka Mulongo na kikapu cha samaki wa kukaushwa na kikohozi kibaya. Alikuja kuonana na daktari. Ninyi mnajua bukwe yetu: mkwe mume na mama mkwe hawalali chini ya paa moja, hawatazamani usoni, na akiwa amelala, mkwe haingii pale alipo hata moto ukiwaka. Nyumba ya Mputu ilikuwa na vyumba viwili tu. Basi heshima yenyewe ndiyo iliyompeleka mama Élisa kulala depo.

Agar alimtandikia mkeka kati ya magunia. Mama akalala chali, akatazama juu.

“Mwanangu, kwetu ni majani tu. Hapa nitalala kama bibi ya muzungu. Upepo hauwezi kuibeba hii?”

Agar alikuwa na jibu la kweli mdomoni. Lakini jibu lile lingemwaibisha mume wake mbele ya mama mkwe, na lingefika kanisani kabla ya jua kuzama.

“Hauwezi, mama. Lala.”

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri, nyuma ya upepo mwekundu wa vumbi. Agar alikuwa bombani akiteka maji. Watu walikimbilia baraza la depo kujikinga, wakimsifu Mputu kwa paa lake, na Mputu alikuwa katikati yao anasikia waya zinaanza kulia. Ndani, mama mkwe alikuwa na homa, amelala bila kitambaa kichwani. Kuingia, bukwe ilimkataza. Kupiga kelele kwamba paa halikufungwa, watu wote wangesikia. Basi akapiga kelele jina la mke wake, akaliita, akaliita, kama mtu anayetafuta mbuzi.

Agar aliiacha ndoo akakimbia. Aliona mabati yakinyanyuka yote pamoja kama kundi la kanga waliotishwa, halafu ukuta wa nyuma ukafuata, na mbao. Alipoingia alichimba kwa mikono katika chumvi na matofali. Mama Élisa alikuwa bado ana joto. Lilikuwa ni joto la homa tu.

Kwenye kilio Mputu alilia kweli, sitamsingizia. Alisema ni upepo wa Mungu, nani ataushtaki. Watu wakaitikia. Agar hakuitikia. Tangu walipomshusha mama yake kaburini hakufungua mdomo, hata chakula kilimpita pembeni.

Funzo

Najua mkisikia neno hili mnaanza kutafuta viatu, ndiyo maana naliweka hapa, kabla ya mwisho. Kaeni.

Bei nafuu ya asiransi si zawadi. Inakwenda na paa la kweli, lililotobolewa na kushikwa, na anayepewa bei ile kwa paa la kuonyesha amewaweka watu wake nje ya nyumba huku wakidhani wako ndani. Mtu wa asiransi utamdanganya kutoka chini ya ngazi. Upepo wenyewe unapanda. Kitu cha watu wote ulichopewa kulinda, usikigeuze kofia yako. Na heshima ni nzuri, bukwe ni nzuri, lakini heshima inayomwacha mzazi chini ya hatari haimheshimu mtu. Na ninyi wamama wenzangu, siri ya mume ikining'inia juu ya kichwa cha mtu, itoeni siku ileile, hata kama mtachekwa. Agar aliitoa, lakini aliitoa kwa kuchelewa. Ilikuwa hivi.

Siku moja baada ya kilio kuvunjika, Amédée alikuja na kalamu yake. Uwanja mzima ulijaa mabati yaliyopindika, na Agar alikuwa ameketi mkekani kando ya ukuta, nywele zimenyolewa. Amédée akatoa pole, kisha akauliza kama paa lilikuwa limefungwa vile walivyopatana.

“Kabisa, sitwayen,” Mputu akajibu, kama tulivyolazimishwa kuitana miaka ile. “Bulon kila mahali. Mabati ni yangu, nilinunua miye mwenyewe. Ila ule upepo ulipita kipimo.”

Amédée alikuwa ameanza kuandika Mchungaji Isaïe alipoingia. Alimshika Mputu mkono, akamwombea, kisha akasema taratibu kwamba wanamshukuru Mungu kwa jambo moja, mabati ya kanisa yalikuwa chini, ndani. Vijana wa kanisa walikuwa njiani na mkokoteni, wayachukue ili depo iliyovunjika isiwaletee wezi.

Mputu alimtazama mtu wa asiransi. Alimtazama mchungaji.

“Bado iko mule ndani, pasta,” akasema. “Mukuye kesho kuyachukua.”

Mchungaji akageukia depo. Palikuwa na kuta tatu, na kati yao mbingu.

“Mule wapi, ndugu Mputu?”

Kisha sauti ikatoka mkekani, kavu, ya mtu ambaye hajasema siku nyingi.

“Pasta, njo ile unakanyaga.”

Kalamu ya Amédée ikasimama. Mchungaji Isaïe akatazama chini, akainua mguu mmoja, akakosa pa kuuweka.