Neli Iliyobaki Bluu

Kila asubuhi Daniella alipita katika mitaa ya Panda kwenda shuleni kama mtu anayevuka jalala. Aliwadharau waendesha baiskeli waliobeba makaa, kwa kuwa walinuka jasho. Aliudharau hata uji aliopikiwa na mama yake, Mama Viviane, eti unga haukuchekechwa na pumba ni chakula cha nguruwe. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, viatu vinavyong'aa, na baba mwenye kazi ya ofisini kiwandani. Alidhani hayo yanatosha kumpa mtu haki ya kubinua mdomo.

Ndiyo maana alikunja uso siku Prof Théophile, mwalimu wa biolojia, alipompanga kufanya jaribio pamoja na Glody. Wazazi wa Glody walichimba madini kwa mikono, na sare yake ilikuwa na rangi nyekundu ya udongo hata baada ya kufuliwa. Alifika na mfuko wa plastiki wenye mabonge ya gundi aliyoibandua kwenye mgunga.

"Weye unaleta makamasi ya muti ku masomo?" Daniella aliuliza kwa sauti, wenzake wakacheka.

"Iko na sukari mu ndani," Glody alijibu, akaendelea kuosha mabonge yake.

Prof Théophile alieleza kwamba sukari hiyo huitwa arabinozi. Imo katika gundi ya miti na hata katika pumba za mahindi, lakini imefungwa kwenye minyororo mirefu. "Tumbo lako haliwezi kuikata minyororo hiyo," alisema. "Vijidudu wanaoishi utumboni ndio wanaoikata, wakala, na wewe ukafaidika. Sisi leo tutaikata kwa asidi na moto."

Kazi ilikuwa rahisi. Gundi ilitiwa katika kikombe cha kioo pamoja na asidi kidogo, kikombe kikawekwa ndani ya sufuria ya maji juu ya mbabula, lile jiko la makaa, nje ya darasa. Mtu alitakiwa kukaa hapo na kuongeza maji kila yanapopungua. Jozi ambayo jaribio lake lingetoka vizuri zaidi ingeenda Lubumbashi kulionyesha mbele ya shule nyingine.

Glody alishughulika na makaa mpaka moto ukakolea. Prof alipomtuma kisimani, Glody alimwambia Daniella, "Angalia maji, isikauke."

Daniella aliona kazi hiyo ni ya watumishi. Alimfuata rafiki yake Joëlle kwenye kivuli cha ukuta, wakapiga soga. Aliporudi, maji ya sufuria yalikuwa yamekwisha na gundi imekauka, nyeusi kama lami.

Angeweza kusema. Lakini kusema kungekuwa kukiri mbele ya mtoto wa wachimbaji kwamba ameshindwa kuangalia sufuria. Akamimina maji safi katika kikombe kingine, akatia sukari aliyobeba kwa ajili ya uji wa mapumziko, akachovya kipande cha ule weusi ili maji yapate rangi. Kikombe kilichoungua akakisukuma nyuma ya ndoo. Sukari ni sukari, alijiambia.

Baada ya mapumziko, Prof alitia unga wa soda katika kila kikombe ili kuua ukali wa asidi. Vikombe vya wengine vilitoa povu. Cha Daniella na Glody kilitulia tuli. Prof alikitazama kwa makini. Kisha akamimina kiasi katika neli za kioo, akaongeza dawa ya bluu iliyotengenezwa kwa shaba, akazipasha moto.

Neli ya kwanza iligeuka nyekundu kama tofali. Ya pili vilevile. Ya Daniella na Glody ilibaki bluu.

"Ni yeye, Prof!" Daniella alisema haraka. "Alileta gundi mubaya. Batu ba kuchimba banajua mawe tu, habajue muti!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Glody aliinamisha kichwa.

"Glody," Prof aliuliza, "nani aliangalia kikombe?"

Glody aliinua kichwa, akamtazama Daniella. Macho yake hayakuwa na hasira. Yalimtazama kama mtu anavyotazama kitu kilichooza alichokikanyaga njiani.

"Tulikiangalia sisi wote wawili," alisema.

Daniella alizoea kutazama watu hivyo, hakuwahi kutazamwa. Masikio yalimwaka moto. Alijua kwamba neno lile limemwokoa, na kwamba akilipokea atabaki mdogo mbele ya macho yale kila siku.

"Prof, anadanganya," alisema. "Ni miye njo niliiunguza. Nikatia sukari ya uji. Glody hakujua."

Daniella alionyesha ndoo; Prof akaivuta, akakiona kikombe kilichoungua. "Nilijua kulikuwa na kasoro," alisema. "Maji yako hayakutoa povu kwa sababu hayakuwa na asidi. Na sukari ya chai haibadilishi dawa hii hata ukiichemsha. Arabinozi huibadilisha."

Glody alikuwa na gundi iliyobaki. Aliichemsha upya, akachuchumaa kando ya mbabula mpaka ikawa tayari, na neli yake ikawa nyekundu kuliko zote. Ni yeye aliyekwenda Lubumbashi, pamoja na Noëlla wa jozi nyingine, aliyechukua nafasi ya Daniella. Daniella alibaki akikwangua kikombe kwa mchanga.

"Niombe radhi namna gani tena?" alimuuliza Prof jioni ile. "Nilimwambia Glody samahani. Alisema sawa, akaenda."

"Basi mwache aende," Prof alijibu. "Kuunguza gundi si kosa kubwa, mimi nimeunguza nyingi. Ungeniambia, ningekupa nyingine. Lakini uliona aibu kukosea mbele ya mtu unayemdharau, ukaona afadhali umchafue yeye. Dharau yako ndiyo iliyokufundisha kudanganya, Daniella. Anza na hiyo."