Mistari Iliyokingama

Jumatatu, barua namba thelathini na saba ilikuwa na mistari ishirini na miwili. Ezekieli aliihesabu, kwa kuwa ndiyo kazi aliyolipwa kufanya, akaandika idadi hiyo kwenye kadi. Jumatano alipoitoa tena ili asahihishe tarehe, ilikuwa na mistari ishirini na mitatu.

Alihesabu mara ya pili, kisha mara ya tatu. Akafuta kwenye kadi, akaandika upya. Noziwe, mkewe, alikuwa amefariki Machi mwaka ule, 2002, na tangu hapo Ezekieli alikuwa na tabia ya kujilaumu yeye kabla ya kulaumu kitu kingine chochote.

Alikuwa mtunza nyaraka katika maktaba ndogo ya sanaa pale Doornfontein, Johannesburg. Familia moja ya matajiri wa zamani wa migodi ilikuwa imetoa masanduku manne ya barua ambazo wachoraji na wachongaji wa Uingereza waliandikiana katika miaka ya 1860. Paa la maktaba lilikuwa linatengenezwa, kwa hiyo aliruhusiwa kuchukua sanduku moja moja nyumbani, kwenye fleti yake ya ghorofa ya tatu huko Berea, alikoishi na binti yake Hyasinta, mwenye umri wa miaka tisa.

Sanduku la pili lilikuwa la watu wawili: mchongaji Harcott na mchoraji Prynne, marafiki tangu ujana. Harcott alikuwa na desturi ya watu wa wakati ule ya kuokoa karatasi. Aliujaza ukurasa, akaugeuza ubavu, akaandika tena juu ya maandishi ya kwanza, mistari ikakingamana kama kitambaa kilichofumwa. Ezekieli alichukua siku mbili kuyazoesha macho yake. Mistari ya kwanza ilikuwa habari za marumaru kutoka Italia na udongo uliopasuka kwa baridi. Mistari iliyokingama, ya wino hafifu zaidi, haikumhusu Prynne hata kidogo. Ilikuwa ya mapenzi, kwa Lydia, mke wa Prynne.

Prynne alikuwa akipoteza macho. Lydia ndiye aliyemsomea barua. Kwa miaka sita alikaa karibu na mumewe akamsomea habari za marumaru kwa sauti, kisha akaugeuza ukurasa na kusoma zilizobaki kimyakimya, huku mumewe akinywa chai pembeni yake. Prynne alijua baada ya Lydia kufa, siku mpwa wake alipojitolea kumsomea barua za zamani ili kumliwaza, na mpwa huyo hakujua mistari ipi ya kuruka.

Namba thelathini na saba ilikuwa barua ya Prynne kwa Harcott, kwa mwandiko mkubwa wa mtu asiyeona vizuri. Iliishia hivi: “Nijibu. Nitakaa hapa mpaka nijibiwe.” Ilirudishwa bila kufunguliwa. Harcott hakujibu kamwe.

Mstari wa ishirini na tatu ulikuwa chini ya sahihi. Ulisema: “Wewe unayesoma, utanijibu?”

Bibi yake Ezekieli, huko Tanga, alimfundisha mapema kwamba ukiitwa jina na usiyemwona, usiitike. Unyamaze, uendelee na kazi yako. Ezekieli alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Lakini hakuwa ameitwa jina, na hapakuwa na sauti. Palikuwa na karatasi tu, na mwanamume aliyekaa akisubiri jibu kwa zaidi ya miaka mia moja. Alichukua penseli laini ya kuandikia namba, na nyuma ya kadi akaandika kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna mtu wa maktaba angeisoma: “Nipo. Nimekusoma. Pole.”

Siku iliyofuata fleti ilinuka plasta mbichi.

Hyasinta ndiye aliyeitambua harufu kwanza, alipotoka shule. Alisimama mlangoni na begi mgongoni. “Baba, wanajenga wapi?”

“Hawajengi. Fungua dirisha.”

Walifungua madirisha yote, baridi ya Julai ikaingia, na harufu haikutoka. Ilizidi, ikachanganyika na mafuta ya rangi, na chini yake kitu kama maua yaliyokaa sana kwenye maji. Saa kumi alasiri, jua likiwa bado ukutani, Ezekieli akiwa jikoni anakatakata kitunguu, alisikia chumbani kwake mkwaruzo mdogo, mkavu: ncha ya kalamu ya chuma ikipita juu ya karatasi, ikisita, ikichovya, ikipita tena.

Hyasinta aliingia jikoni polepole. Alizungumza Kiingereza, kama kawaida yake anapoogopa, na kwa sauti ya chini. “Baba, Mama anaandika nini kule?”

“Mama gani?”

“Mama. Anaguna anapofikiri, kama alivyokuwa anafanya.”

Ezekieli alizima jiko, akapiga simu kwa Thabo.

Thabo alikuwa rafiki yake wa miaka kumi na mitano. Walifundisha pamoja Morogoro, katika shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini, ambako Ezekieli alimpata pia Noziwe. Kwa kuwa Thabo na Noziwe walitoka mji mmoja wa Cape, Thabo alimwita Noziwe dada, akamwita Ezekieli shemeji, na Hyasinta alimwita Malume, mjomba.

“Unaweza kukaa na mtoto siku mbili?”

“Hata mwezi. Kuna nini, shemeji? Panya?”

“Kitu kama hicho.”

“Eish, panya wa Berea hao wanalipa kodi. Huwezi kuwatoa bila notisi.” Alicheka, na nusu saa baadaye alikuwa chini na gari lake, amemletea Hyasinta chipsi.

Ezekieli alipanda ngazi peke yake. Kadi yake ilikuwa mezani, imegeuzwa. Chini ya maneno yake ya penseli palikuwa na wino mbichi, na mwandiko ulikuwa wa Noziwe, na ile herufi yake ya *T* isiyokatwa mpaka mwisho. Ulisema: “Toa na zako.”

Alijua zipi. Juu ya kabati kulikuwa na bati la biskuti lenye barua za Thabo. Thabo alirudi nyumbani mapema, Januari 1992, miaka miwili kabla yao, akawa akiwaandikia Morogoro kila mwezi. Barua zilikuwa za Kiswahili, za kuchekesha, za taa za barabarani zinazoitwa robot, na baridi, na watu wanaokimbia barabarani bila sababu. Mwishoni daima palikuwa na aya moja ya Kixhosa kwa ajili ya dada. Ezekieli wakati ule hakujua Kixhosa. Noziwe alikuwa akimtafsiria: shangazi anaumwa magoti, mvua haijanyesha, nyote mnasalimiwa.

Sasa alikuwa ameishi Johannesburg miaka minane. Angeweza kuzisoma aya zile siku yoyote ya miaka hiyo. Hakuwahi kuzitoa, kwa sababu zilikuwa zimeshasomwa.

Alifungua ya Aprili 1992, na kabla macho yake hayajafika chini, sauti ilianza kusoma nyuma ya bega lake la kushoto, sauti ya Noziwe, tulivu, ileile ya kusomea barua, na harufu ya plasta ikamjaa kooni mpaka akahisi meno yake yana unga, na hakugeuka, kwa kuwa alijua kwamba akigeuka ataona uso wa plasta uliotengenezwa na mtu mwingine, mweupe, umefumba macho, nayo sauti ikaendelea, ikisoma Kixhosa kisha ikitafsiri kwa Kiswahili neno kwa neno, bila kuruka chochote safari hii: *Noziwe, nimehesabu miezi. Nilikuwa bado niko huko. Niambie kama ni wangu. Ukinyamaza, nitajua unataka nikae mbali, nami nitakaa mbali na kuwa mjomba.*

Kisha sauti ikasema, karibu kabisa na sikio: “Niulize. Mimi nalijua jibu.”

Hyasinta alizaliwa Septemba mwaka huohuo.

Ezekieli alitoka bila koti. Alitembea mpaka giza likaingia, na aliporudi alilala kwenye ngazi.

Asubuhi Thabo alikuja na mzee mwembamba mwenye kofia, Mpemba anayeuza kanzu na ubani huko Malvern, kando ya Jules Street. Aliitwa Ameir. Hyasinta alikuwa amemwambia Thabo kuhusu kalamu, na Thabo hakucheka. Alikuwa amemwacha mtoto kwa jirani.

Ameir alisimama kizingitini akanusa. “Uliitika?”

“Niliandika.”

“Kuandika ni kuitika kwa mkono, bwana. Msomi mzima!” Alitikisa kichwa, akaanza kuwasha makaa kwenye chetezo. “Huyu hana maiti wala kaburi. Ameyakuta machungu ya mtu yamekaa bila mwenyewe, akayavaa. Sasa anayavaa yako.”

Ezekieli alimpa Thabo barua. “Soma aya ya mwisho.”

Thabo aliiangalia. Hakuhitaji kuisoma. Alikaa kitini taratibu.

“Shemeji.”

“Usiniite hivyo.”

“Ezekieli. Ilikuwa Desemba ile tu. Ulikuwa Dodoma kusahihisha mitihani.”

“Niliwaletea zabibu,” Ezekieli alisema. “Nyote wawili. Mlikula hapo mbele yangu.”

Thabo aliikunja barua, akaiweka mezani.

“Noziwe alikujibu nini?”

“Hakujibu. Naapa. Sikujua, na sijui mpaka leo.”

Ubani ulipanda. Ameir alisoma kwa sauti ya chini, muda mrefu, akizunguka chumba, na mkwaruzo wa kalamu ukaanza mchana kweupe mbele ya watu watatu, kwa kasi, kama wa mtu anayewahi kumaliza kabla hajatolewa. Ulipokoma, mezani palikuwa na bahasha ambayo haikuwapo. Lakiri yake nyekundu ilikuwa bado laini. Juu yake, kwa mwandiko wa Noziwe: “Ezekieli. Kuhusu mtoto.”

“Hiyo ndiyo kamba yake,” Ameir alinong’ona. “Ukiifungua, atakaa. Atakuwa na ya kesho na ya keshokutwa. Iweke motoni mwenyewe, na useme humuulizi kitu.”

“Na kilichomo ni uongo?”

Mzee alimtazama kwa huruma. “Umeona amekudanganya hata mara moja?”

Thabo alikuwa ameinuka. Macho yake yalikuwa kwenye bahasha, na Ezekieli aliona kwamba mtu huyu pia alikuwa amesubiri jibu miaka kumi. Hilo ndilo lililomsaidia. Aliichukua bahasha, ikawa nzito na ya baridi kama plasta, akaiweka juu ya makaa.

“Hyasinta ni wangu,” alisema. “Sikuulizi kitu.”

Iliungua polepole. Katikati ya moto mistari ilionekana ndani ya karatasi, iking’aa, na alifumba macho asiisome. Alipoyafumbua, harufu ilikuwa ya ubani tu, na kutoka mtaani zikasikika honi za magari.

“Ametoka,” Ameir alisema, akafuta jasho. “Ametoka kabisa. Usimwandikie tena mtu usiyemjua.”

Jioni Thabo alimrudisha Hyasinta. Hakupanda. Alisimama getini na mtoto, wote wawili wakitazama juu, jua la magharibi likiwaangaza usoni, na Ezekieli akashuka kuwapokea. Nyumba ilikuwa safi. Hakuna sauti iliyomfuata kwenye ngazi.

Alifika getini akasimama. Alitazama sikio la mtoto, kisha la Thabo. Alitazama taya. Alitazama jinsi walivyoegemea mguu mmoja, wote wa kulia, na akaanza tena kutoka juu, kwa utaratibu, paji la uso, nyusi, pua.

“Baba,” Hyasinta alisema, “mbona unanitazama hivyo?”

“Sikutazami,” alisema, na hakuacha.

Mtoto alirudi nyuma hatua moja, akashika mkono wa Thabo.