Lobi ya Dany

Parking ya mabasi ya Ariwara, pale Bunia, ilichemka asubuhi ile. Vijana wa kuita abiria walinyang'anyana mizigo, kuku walilia ndani ya vikapu, vumbi jekundu lilipanda hadi kwenye vioo. Kaswera alipita katikati yao, amekumbatia furushi la sare za kwaya alizoshona mwenyewe. Alivaa kitenge cha buluu kilichomkaa vizuri kiunoni.

"Shofere wa basi hii ni nani?"

"Ni miye, Dany," alijibu kijana mrefu mwenye kofia ya sufu, akijifuta mafuta mikononi. "Na weye? Mama ama mademoiselle?"

"Nimeleta muzigo, sikuleta jina. Ulifika lini, kama leo unarudia Ariwara?"

"Lobi."

"Lobi ni nini?"

"Hujue Lingala? Lobi, jana! Kwetu Ariwara hata mutoto anajua."

"Kwetu Butembo hata mutoto anajua Kiswahili."

"Basi utanifundisha," alisema Dany, na jina akalipata kabla basi halijaondoka.

Mapenzi yao yalifuata ratiba ya basi. Dany aliingia jioni, wakala samaki wa Kasenyi pamoja pale parking, alfajiri akaondoka. Siku za katikati zilikuwa za simu.

"Sheri, niko Mahagi. Matope hadi magoti."

"Umekula?"

"Sauti yako njo chakula."

"Muongo! Kula ndizi, shofere."

Simu ikikatika, chumba cha Kaswera mtaani Mudzipela kilinyamaza. Shangazi aliyemleta Bunia alishapanda ndege kurudi Beni. Jirani mmoja alikwenda machimboni kwa pikipiki, mwingine alishuka Kasenyi kutafuta boti. Kila mtu alikuwa na kitu cha kupanda. Kaswera alikuwa na cherehani, na gurudumu lake lilizunguka kutwa bila kumfikisha popote.

Alhamisi jioni ukaingia ujumbe: "Safari yangu ya mwisho ya Bunia, lobi. Patron ananipeleka ku njia ingine. Dany."

Aliusoma amesimama, akausoma tena ameketi. Lobi. Jana! Kumbe alikuja jana, akalala mji huu huu, akaondoka bila hata kumsalimia. Kaswera alizima simu. Ijumaa hakwenda kazini. Alilala akitazama mabati, akisikiliza pikipiki zikipita, na hakuna hata moja iliyosimama mlangoni kwake.

Jumamosi asubuhi, Pétronille, mwenye karakana ya ushonaji, ambaye wote walimwita yaya, yaani dada mkubwa, alimpokea kwa makelele.

"Weye! Dany wako alikuya hapa jana, alikungoya hadi giza. Nyumba yako haijue, simu yako imekufa. Ulimufanya nini?"

"Jana? Hapana, yaya. Alipita Jumatano. Aliandika lobi."

Pétronille alimtazama, kisha akacheka hadi akaweka mkasi chini. "Mutoto wa Butembo! Lobi ni jana, na lobi ni kesho vilevile. Alikuambia anakuya kesho!"

Kaswera hakungoja hata kuaga. Parking alikuta basi limeshaondoka, yamebaki mafuta yaliyomwagika na maganda ya ndizi. Akasimamisha pikipiki.

"Unifikishe Iga-Barrière. Basi ya Ariwara isivuke mbele yetu!"

"Shika muzuri, mama," alisema taximan.

Kwenye barrière, kizuizi cha askari barabarani, abiria walikuwa wameshuka kama desturi, wakivuka kwa miguu, vitambulisho mkononi. Dany alisimama kando ya basi tupu, uso umemshuka.

"Kaswera? Nilizani umenikataa."

"Weye njo ulinitupa! Ulinifundisha lobi ni jana!"

Dany akavua kofia. "Mungu wangu. Nilikufundisha nusu."

"Na nusu ile iliniliza siku mbili!"

"Shofere!" aliita mama mmoja mwenye beseni la nyanya. "Bibi yako apande, tuende! Ama siye tulale hapa?"

Abiria walicheka. Dany hakucheka. "Panda, Kaswera. Nafasi ya mbele ni yako. Tuishi Ariwara. Neno hilo njo nilileta jana."

Mlango ulikuwa wazi. Hatua moja tu, na chumba kile cha kimya kingekuwa cha mtu mwingine. Mguu wake ulikwisha kunyanyuka. Akaurudisha chini.

"Kwetu mwanamuke haokotwe pa barrière. Baba yangu Paluku iko Butembo. Uende umuombe."

"Butembo? Na njia yenyewe ilivyo? Itanipasa ndege! Miye ndege naogopa, Kaswera."

"Ogopa. Lakini panda."

Dany alivaa kofia yake tena. "Noeli hii yenye inakuya," alisema polepole. "Siseme lobi tena. Noeli."

"Noeli," alijibu Kaswera.

Basi lilipotelea kwenye vumbi. Taximan aliwasha pikipiki kurudi Bunia. Mtu mmoja aliomba wambebe nyuma, Kaswera akakataa. Hakutaka mtu mgongoni wa kumsikia akilia. Upepo ulimkausha machozi kabla hayajafika kidevuni. Bunia ilianza kuonekana, mabati kwa mabati, na ndani yake hakuna aliyekuwa akimngoja.

"Mama," taximan aliuliza bila kugeuka, "yule shofere ni bwana yako?"

Kaswera alifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Bado."