Jina Lililojifuta

Jua lilikuwa linazama mtaani Saio wakati Charlotte alipomfungulia mlango wa ofisi Eugène, fundi wa ordinatere, yaani kompyuta, kutoka mtaa wa Mudzipela. Liste ya wakimbizi wa vita vya Djugu ilitakiwa asubuhi, na asiyeonekana mule hapati unga. Majina yaliandikwa na programe aliyoitengeneza Fiacre, kaka yake mkubwa Charlotte. Inajaza yenyewe, herufi kwa herufi, kama mtu anayebonyeza butoni za klavye. Sasa ilikuwa na ugonjwa. Ikifika jina moja, inaliandika... halafu inalifuta. Inaandika tena, inafuta tena, haiendi mbele.

Jina lenyewe lilikuwa la Fiacre.

Miezi miwili tangu aende Djugu kuangalia shamba walilolikimbia. Hakurudi, na mwili haukuonekana. Bila mwili utakalisha watu matanga ya nani? Charlotte akamwacha kwenye liste, na kila jioni mama yao alimtengea sahani ya bugali na mboga ya sombe, akaifunika. Nani angewalaumu?

Eugène alipunguza mwendo wa programe. Bado. Alidhani butoni ya kufuta imekwama, akachomoa klavye, akaisukuma kando mezani. Bado.

Halafu... tak.

Butoni ya kufuta ilishuka. Waya wa klavye ulikuwa unaning'inia hewani.

Tak. Tak.

Harufu ya udongo uliolowa ikajaa chumbani, na nje hakukuwa na mvua.

"Programe inatuma herufi ndani ya mashini tu," Eugène alinong'ona. "Haiwezi kushusha butoni. Haiwezi, dada."

Mapigo matatu, kupumzika, mapigo matatu. Charlotte aliujua mkono huo. Tangu shuleni Fiacre alifuta hivyo makosa yake.

"Yaya Fiacre... njo weye?" alimuuliza kaka yake kama ni yeye.



Alilia, masikini, mbele ya fundi bila haya. Kisha akarudisha waya wa klavye, akaliondoa jina kwa mkono wake mwenyewe. Programe ikaenda mpaka mwisho bila kosa hata moja. Eugène alikataa malipo, akaondoka haraka.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Charlotte alitafuta maneno ya kumwambia mama. Alimkuta amekaa chini mlangoni, miguu ameinyoosha, kitambaa cheusi kichwani. Sahani ya Fiacre ilikuwa imeoshwa na kufudikizwa.

Mama hakuinua macho.

"Amekupitia na weye?"