Muhuri wa Yai

Maiti ya Kakule, fundi viatu, ililala kando ya kizuizi kwenye barabara ya Beni, mfukoni mna ruhusa ya kusafiri yenye muhuri wa zambarau. Askari waasi walisema muhuri ni wa bandia na mwenye nao ni jasusi, wakampiga risasi. Mwaka huo wa 2001, karatasi ilitosha kumwua mtu.

Inspekta Kasonia wa polisi ya Butembo hakuweza kuwagusa askari. Akamsaka aliyeghushi. Siku hiyohiyo alimkamata Phinées, mchonga mihuri wa sokoni, akamchapa mwenyewe mikononi hadi vidole vya fundi huyo vikavimba. Phinées alikana mpaka sauti ikamkauka.

Asubuhi ya tatu Kasonia aliipeleka karatasi kwa Jokébed, fundi wa maabara ya zahanati. Jokébed aliiweka chini ya hadubini, akaimulika tochi kwa ubavu ili utando wa wino uonyeshe vilima na mabonde yake. Muhuri wa mpira, alieleza, husukuma wino ukajikusanya kwenye kingo za herufi. Wino huu ulikuwa mwembamba, laini, wenye vitundu kama vya povu.

"Hii hapana kazi ya kisu," alisema. "Ni yai la kuchemsha. Unaliviringisha juu ya muhuri wa kweli, linabeba wino, unaupiga ku karatasi ingine. Na huyu mutu aligusa wino mbele ikauke, ingali mbichi. Angalia: kidole gumba kiko na kovu."

Kasonia alilijua kovu lile. Kila asubuhi lilimkabidhi mafaili. Hata hivyo alilinganisha na alama ya kidole kwenye kitambulisho cha karani wake, Mariette. Mistari ilioana.

Alimwonyesha karatasi. Mariette hakungoja swali.

"Ni miye, chef."

"Kwa nini?"

"Muke ya Kakule alikuwa anazaa vibaya kule Beni. Kakule alikuya kwako mara tatu kuomba ruhusa. Ulimwambia arudi siku ya lundi, juma ingine. Miye nilifikiri ninamusaidia."

"Uliona Phinées anapigwa, ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Ni weye ulikuwa unapiga."

Kasonia aliinamisha kichwa. Alikuwa ameikagua maiti ile saa nzima, wala hakuitambua sura ya mtu aliyemjia mara tatu.

Alimfungulia Phinées mwenyewe, akamwomba radhi. Phinées alipita bila kumtazama.

Basi inspekta akakaa, akaandika maungamo neno kwa neno, pamoja na zile mara tatu. Mahali pa majina ya washtakiwa aliandika la Mariette. Kisha akaandika lake mwenyewe.