Makofi Matatu Kifuani

Deraya ya Minayo iliganda kabla bega la mpinzani halijamfikia. Kitambaa chepesi kama fulana kikawa jiwe, kisha kikalegea, na binti akaendelea kukimbia na mpira. Ilikuwa Kakamega, mwaka 2094, na kwa misimu mitatu ya raga ya shule hakuna mfupa uliokuwa umevunjika. Aliyeibuni deraya hiyo, Mhandisi Kageha, mama yake Minayo, alikaa kando ya uwanja na kidhibiti cha deraya za timu zote mbili mapajani, akipokea pongezi.

Sasa sikiliza kosa lake. Ili deraya zijaribiwe kila asubuhi, aliwafundisha wasichana wa timu ya Minayo wajipige kifua makofi matatu. Kitambaa kingedhani ni hatari na kuganda sekunde mbili. Wasichana si wajinga. Jaribio likageuka mbwembwe, na mbwembwe silaha: unajipiga ukiwa mbioni, unaganda, unamvaa mwenzako ukiwa nyundo. Na uso hauna deraya.

Dakika ya kumi ya fainali, msichana wa timu ya wageni alivunjwa taya. Meno mawili yalibaki kwenye nyasi.

"Zizime, Mhandisi," daktari wa uwanja alisema.

"Nikizizima, wote thelathini hawana kinga, daktari. Mchezo una ajali zake."

Dakika ya ishirini, mgeni mwingine alipasuliwa jicho kwa kiwiko kigumu. Damu ilimtiririka hadi mdomoni, akashindwa hata kulia. Na watu, jamani, walishangilia. Kageha akatazama pembeni.

Wageni nao wana macho. Nahodha wao, pande la msichana, akatoka mbio, akajipiga kifua mara tatu. Akamlenga Minayo, aliyekuwa ameinama kuokota mpira, uso wazi.

Kageha akabonyeza kidhibiti papo hapo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wale majeruhi wawili wazazi wao walikuwa mbali.

Deraya zote zikalegea. Nyama ikagonga nyama, mtulinga wa Minayo, mfupa wa chini ya shingo, ukakatika kwa mlio uliosikika jukwaani. Lakini alikuwa hai, akipiga mayowe.

Gari la wagonjwa liliwabeba majeruhi watatu pamoja, Kageha akiwa amepiga magoti katikati yao.

"Mama, ni wewe uliyezima?"

"Ni mimi, mwanangu. Angekuua yule."

Minayo akamtazama msichana aliyefungwa bandeji machoni, kisha akamgeukia mama yake.

"Kumbe ulikuwa unaweza kuzima tangu mwanzo?"

Kageha akamshika mkono. Binti akauondoa.