Pampu ya Meza ya Kuchongea

Evaresta alikuwa ameanza kuiogopa karakana yake mwenyewe.

Yeye na mumewe, Philemoni, walikuwa maseremala mtaa wa Sombetini. Walitengeneza milango na makabati. Mwaka 2009 walinunua mashine iliyokwisha kutumika nje ya nchi. Miaka hiyo mashine za namna hiyo zilikuwa zinaingia kwa wingi. Ilikuwa meza kubwa ya chuma, na juu yake kisu kinachozunguka kwa kuongozwa na kompyuta. Chini ya meza palifungwa pampu ya kunyonya hewa. Pampu ikivuta, ubao unang'ang'ania meza bila hata msumari mmoja.

Mota ya pampu ilikuja bila waya. Philemoni aliifunga mwenyewe, kwa waya mwembamba aliokuwa nao stoo.

Tangu masika yaanze, kila Evaresta alipoigusa meza alihisi kama siafu wanamtambaa mkononi.

"Baba Agnela," alimwambia mumewe, "meza hii inauma."

"Ni unyevunyevu tu. Vaa viatu."

Alivaa viatu, lakini moyo haukutulia. Mumewe alipoinama mezani, yeye alisimama karibu na meinswichi, swichi kuu ya umeme. Hakumwambia kwa nini.

Jumatano moja asubuhi, Philemoni alikuwa anachonga mlango wa mninga. Ghafla pampu ikabadili sauti. Ikanguruma kama gari linaloshindwa mlima. Harufu ya plastiki inayoungua ikajaa. Ubao ukaanza kucheza juu ya meza, na kisu bado kinazunguka.

"Toka hapo!" Evaresta alipiga kelele.

Philemoni akaruka pembeni. Kipande cha mninga kikachomoka, kikapita pale alipokuwa amesimama, kikapasua ukuta wa mbao. Evaresta akazima umeme wote.

Philemoni alichukua bisibisi, akainama kwenye pampu.

"Usiguse!" mkewe alisema. "Ungekufa mbele yangu. Namwita fundi umeme."

Fundi alikuwa Namnyaki, binti wa jirani yao. Alisomea umeme na alikuwa na leseni.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba," waliitikia.

Namnyaki alikwenda kwanza kwenye meinswichi. Akaipiga kufuli, ufunguo akautia mfukoni.

"Si imeshazimwa?" Philemoni aliuliza.

"Je, mtu akija akaiwasha wakati mkono wangu uko ndani?"

Kisha akaijaribu teste yake, kifaa cha kupimia umeme, kwenye soketi ya nyumba ya jirani, ajue kama ni nzima. Akarudi, akapima mota. Hapakuwa na umeme. Ndipo akafungua kiboksi cha mota.

"Mota hii inataka fezi tatu, yaani njia tatu za umeme," alisema. "Waya huu ni mwembamba mno. Umepata moto mpaka fezi moja imekatika. Mota imebaki na mbili, ikaishiwa nguvu. Ndiyo maana ubao umeachia."

"Na kule kuuma?" Evaresta aliuliza.

"Waya huu mwingine umechubuka. Ulikuwa unagusa chuma. Waya wa ethi uko wapi, ule wa kijani na njano?"

Philemoni aliangalia chini. "Niliukata. Niliona mota inazunguka bila huo."

"Itazunguka, baba. Lakini umeme ukivuja, ethi ndiyo inaupa njia, breka inajikata mara moja. Bila ethi, umeme unabaki kwenye chuma unamsubiri mtu. Siku mtakayogusa mmelowa, hamtapata nafasi ya kuniita."

Evaresta akakaa juu ya rundo la mbao.

Kazi ilichukua siku mbili. Namnyaki alisoma kibati cha mota, ajue inakula umeme kiasi gani. Akapitisha waya mnene unaolingana nayo. Akafunga ethi kwenye mota na kwenye meza. Akaweka breka, na starta inayozima mota ikizidiwa au fezi ikipotea. Kisha akaunganisha starta hiyo na mashine ya kisu iliyo juu ya meza, ili pampu ikisimama, kisu nacho kisimame.

Walipoiwasha, pampu haikunyonya.

"Inazunguka kinyume," alisema. Akazima, akafunga tena kufuli, akapima, akabadilisha nafasi za nyaya mbili. Safari hii ubao ukashika.

Kabla ya kuondoka aliwaachia kufuli na funguo zake.

Mwezi wa nane, upepo mkali uliangusha waya mmoja wa umeme mtaani. Philemoni alikuwa katikati ya kazi. Pampu ikajizima, na kisu kikasimama pamoja nayo. Ubao haukuruka.

Evaresta alimwona mumewe akienda moja kwa moja kwenye meinswichi. Akazima, akafunga kufuli, akampa mkewe ufunguo. Ndipo akapiga simu.

"Namnyaki, nadhani fezi imepotea. Hakuna aliyeumia."

"Vizuri, baba. Usiguse kitu mpaka nije."

"Hata nikitaka siwezi," Philemoni alisema. "Ufunguo anao Mama Agnela."